Kompyuta ya Nyumbani Kalemie: Hesabu ya Wati Kwanza

Kompyuta ya mezani ni mkusanyiko wa vipande kumi hivi: prosesa, ubao mama, RAM, diski, pawasaplai, kasha, feni, skrini, kibodi na kipanya. Vinaweza kununuliwa vikiwa vimeshaungwa, au kimoja kimoja na kukabidhiwa fundi. Matangazo ya biashara huanza na prosesa kwa kuwa ndiyo yenye jina na ndiyo inayong'arisha kibandiko cha mbele. Kwa mnunuzi wa Kalemie mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini. Hapa cha kwanza kufikiriwa ni umeme, yaani mashine itakula wati ngapi na itavumilia nini, kwa sababu prosesa nzuri iliyofungwa kwenye pawasaplai mbovu huwa haifiki mwaka wa pili.

Umeme wa shirika la taifa, SNEL, unaoingia mjini hutoka kwenye kituo cha maji cha Bendera, juu ya mto Kiyimbi, kaskazini mwa Kalemie, kituo cha tangu enzi ya Wabelgiji. Kwa kanuni ni volti 220 na hezi 50. Kwa vitendo, kuranti hukatika bila taarifa, hushuka jioni watu wote wanapowasha taa na pasi, na ikirudi baada ya kukatika inaweza kuja na kishindo. Kila hali ina madhara yake. Kukatika ghafla hupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa na kunaweza kuharibu mafaili yaliyokuwa yakiandikwa kwenye diski. Volti kushuka huifanya mashine ijizime na kujiwasha yenyewe. Kishindo cha kurudi ndicho kinachounguza. Juu ya hayo kuna radi: mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na msimu wa mvua hapa hudumu miezi mingi. Hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyopiga nguzo ya karibu. Dawa yake ni kuchomoa plagi ukutani, pamoja na waya wowote wa antena au wa mtandao ulioingia kwenye mashine.

Pawasaplai

Kazi ya pawasaplai ni kuugeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa moja kwa moja, hasa volti 12, ambao vipande vya ndani huutumia. Ni kasha la chuma lenye feni, limefichika nyuma, na ndilo ambalo wauzaji hupunguzia gharama kwa urahisi kwa sababu hakuna mteja anayeliuliza. Lakini lina kibandiko, na kibandiko hicho hueleza karibu kila kitu.

Kwanza hutazamwa mstari wa umeme unaoingia. Pawasaplai iliyoandikwa 100–240V hujirekebisha yenyewe, na volti zikishuka hadi 160 jioni bado huendelea na kazi. Iliyoandikwa 200–240V haina uvumilivu huo. Zipo pia za zamani zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, upande mmoja 115 na mwingine 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wa hapa, kitakachofuata ni mlio na moshi. Nyumba yenye watoto wadogo, swichi ya namna hiyo hufunikwa kwa utepe wa gundi siku ileile mashine inapoingia.

Pili hutazamwa mstari wa volti 12. Namba kubwa ya mbele, wati 500 au 600, mara nyingi ni ya mapambo. Ukweli uko kwenye ampea. Pawasaplai iliyochorwa 500W kwa herufi kubwa, lakini kwenye safu ya +12V imeandikwa 16A, hutoa wati 192 tu upande huo, kwa kuwa 12 mara 16 ni 192. Tofauti hiyo haimo kwenye tangazo lolote. Ishara nyingine ni uzito: pawasaplai nyepesi mno mkononi imepunjwa shaba na chuma cha kupoza ndani. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza kutumika mwaka 2004, maana yake ni kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia hufika kwenye vipande na sehemu inayobaki hupotea kama joto. Kwa anayelipia kila wati kwa sola au kwa petroli, asilimia hizo si za kupuuzwa.

Kompyuta ya kawaida ya kuandikia, kutazama filamu na kuingia mtandaoni, isiyo na kadi ya picha ya kuongezwa, hula wati 40 hadi 80 wakati mwingi, na ikibanwa sana hupanda kidogo kupita 100. Pawasaplai ya kweli ya wati 300 au 400 inatosha na kubaki. Kumshauri mwalimu wa sekondari anunue ya wati 750 ni kumuuzia lori la kubebea kikapu kimoja cha dagaa.

UPS, stabilaiza na sola

Kati ya ukuta na mashine huwekwa UPS, ambayo wengi mjini huiita onduleri. Inayofaa ni ile yenye kirekebisha volti ndani yake. Hiyo hunyanyua umeme ulioshuka bila kuigusa betri. Zile za chini kabisa hukimbilia betri kila volti zinapoyumba, na katika mtaa ambao volti huyumba jioni nzima betri hufa mapema. Namba ya UPS huandikwa kwa VA, ambayo si wati: UPS ya 650VA kwa kawaida hubeba wati chini ya 400. Muhimu zaidi ni muda. Ndani kuna betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7 hivi, yaani wati-saa 84. Kwa karatasi, kompyuta na skrini zinazokula wati 80 zingeendeshwa saa nzima. Betri ndogo ya risasi ikinyonywa kwa kasi haitoi hesabu hiyo. Hutoa dakika ishirini au thelathini ikiwa mpya, na chache sana ikizeeka. Basi UPS hununuliwa ili mtu ahifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayetafuta cha kumalizia filamu atafute kitu kingine.

Stabilaiza za friji zinazouzwa sokoni husaidia kidogo, hasa zile zinazochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi. Ucheleweshaji huo unaweza pia kufanywa kwa mkono bila gharama: swichi ya ukutani inazimwa mara kuranti inapokatika, na haiwashwi tena mpaka taa za nyumba zitulie. Jenereta ndogo za kuchanganya petroli na oili ziangaliwe kwa tahadhari hiyohiyo. Volti zake hupanda na kushuka inapowashwa na mafuta yanapokaribia kwisha, kwa hiyo kompyuta huchomekwa baada ya injini kutulia na kuchomolewa kabla tangi halijakauka.

Nyumba nyingi sasa zina paneli na betri, na hapo hesabu ya wati huonekana kwa macho. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikimalizwa zaidi ya nusu kila siku haidumu. Zinabaki 600. Inveta nayo hula sehemu yake, tuseme zinafika 520. Kompyuta ndogo na skrini yake zikila wati 40, betri hiyo itaziendesha saa kumi na tatu. Kompyuta kubwa ya michezo inayokula wati 150 itaimaliza kwa saa tatu na nusu. Mtaani tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kasi kati ya prosesa ya bei nafuu na ya bei ghali.

Kubwa, ndogo au ya mapajani

Kutokana na hesabu hiyo, umbo la mashine huamuliwa kabla ya vipande vyake. Kasha kubwa lina faida ya kufunguka: kila kipande hubadilishwa peke yake, nafasi ya hewa ni kubwa, na fundi yeyote analijua. Kompyuta ndogo, ukubwa wa kitabu kinene, hutumia chaja ya nje kama ya kompyuta ya mapajani na hula umeme kidogo mno. Kundi moja ni zile zenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, yenye viini vinne na kiwango cha wati 6 tu. Nyingi kati yake hutumia chaja ya volti 12, hivyo zinaweza kulishwa na betri ya sola bila inveta, mradi katikati pawekwe kirekebisha volti, kwa kuwa betri inayochajiwa hupanda kupita volti 14.

Kundi la pili ni kompyuta ndogo za ofisi zilizokwisha kutumika: Lenovo ThinkCentre zinazoitwa Tiny, Dell OptiPlex zinazoitwa Micro, na HP EliteDesk au ProDesk zinazoitwa Mini. Prosesa zake mara nyingi huishia na herufi T, kwa mfano i5-8500T, alama ya kiwango cha wati 35. Zimejengwa kwa ajili ya kuwashwa kutwa nzima ofisini, na kwa pesa zilezile humpa mnunuzi zaidi ya mashine mpya ya jina lisilojulikana. Za ukubwa wa kati kutoka kampuni hizohizo zina kasoro moja isiyotangazwa: pawasaplai na viunganishi vyake ni vya umbo la kampuni yenyewe. Ikiungua, ya kawaida iliyopo dukani haiingii, na mashine nzima hulala wiki kadhaa ikisubiri kipande kutoka Dar es Salaam au Lubumbashi.

Kompyuta ya mapajani huja na UPS yake, kwa maana ya betri ya ndani, na kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kalemie anayehama chumba kila mwaka ndiyo chaguo la akili. Lakini skrini, kibodi na bawaba zake zikivunjika, matengenezo ni ya gharama na vipande havilingani kati ya toleo na toleo. Nyumba ambamo mashine itatumiwa na watu watano wa rika tofauti, ya mezani huvumilia zaidi.

Suala la kununua vipande au mashine nzima lina upande wa safari pia. Bidhaa nyingi za elektroniki za Kalemie zimepita Dubai, Dar es Salaam na Kigoma kabla ya kuvuka Ziwa Tanganyika kwa boti. Nyingine hushuka kwa ndege au hufuata reli kutoka kusini kupitia Kabalo. Ziwa hili limezoea mashine za vipande: meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungashwa kwenye masanduku na kuja kuungwa upya Kigoma. Kompyuta nayo husafiri salama zaidi ikiwa imefunguliwa kidogo. Feni kubwa ya prosesa na kadi ya picha hutolewa na kufungwa peke yake, kwa kuwa uzito wake ukitikiswa na mawimbi usiku kucha huweza kuvunja soketi kwenye ubao mama. Skrini husafiri ikiwa imesimama, haijalazwa. Na mashine iliyoshuka kwenye boti ikiwa na unyevu haiwashwi siku hiyohiyo.

Prosesa

Kosa la kawaida dukani ni kuuliza "ni i ngapi?" na kuishia hapo. Majina i3, i5 na i7 ya Intel hueleza daraja ndani ya kizazi kimoja tu. Kizazi husomwa kwenye tarakimu zinazofuata: i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, i5-8500 ni ya nane, i3-12100 ni ya kumi na mbili, iliyotoka mwaka 2022. Hiyo i3 ya 2022 huishinda i5 ya 2012 kwa mbali sana, na huishinda hata i7-7700 iliyokuwa ya kujivunia mwaka 2017. Muuzaji anayejua hilo hulitumia: mashine yenye kibandiko cha i7 cha kizazi cha pili huuzwa kwa bei ya i3 ya juzi.

Mpaka mwingine ni wa programu. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai moduli ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa prosesa inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha nane na AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, isipokuwa chache sana. Ofisi za Ulaya na Marekani zinaondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa sababu hiyo, na zinapoondolewa huko hutafuta soko kwingine. Mafundi wanajua kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine kama hizo, na huingia, ila Microsoft haitoi ahadi yoyote kwamba masasisho yataendelea kufika. Anayepewa OptiPlex ya kizazi cha saba kwa bei ya chini kweli anaweza kuichukua na kuweka Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure, zina Kifaransa kamili, na LibreOffice inatosha kwa kazi ya kumaliza masomo. Anayeuziwa kwa bei ya kizazi cha kumi aondoke.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. F kwenye Intel, kama i3-12100F, ni prosesa isiyo na sehemu ya picha: bila kadi ya kuongezwa, skrini haitaonyesha kitu. K ni ya kasi kubwa, joto kubwa na umeme mwingi, isiyohitajika nyumbani. Zile za juu kabisa, kama i9-13900K, zinaweza kufika wati 253 peke yake, na mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na hitilafu ya volti iliyoweza kuziharibu, ikatoa marekebisho ya programu. Kwa AMD, herufi G kama kwenye Ryzen 5 5600G huonyesha kuwa sehemu ya picha ipo na ina nguvu ya kutosha hata kwa michezo mepesi.

Ubao mama, RAM na diski

Ubao mama huchaguliwa kwa kufuata prosesa, kwa kuwa soketi lazima zilingane. LGA1700 hupokea Intel za kizazi cha 12 hadi 14. AM4 ni ya Ryzen za zamani hadi mfululizo wa 5000, na bado ni njia nzuri ya gharama ndogo. AM5, iliyotoka mwaka 2022, hupokea RAM ya DDR5 pekee. Zaidi ya hapo yatosha kuhakikisha una nafasi mbili za RAM au zaidi, nafasi ya M.2 ya diski, na tundu la kuonyesha picha linalolingana na skrini iliyopo.

Kitu kidogo kwenye ubao huo husumbua watu wengi kuliko ukubwa wake: betri ya duara ya CR2032, inayotunza saa mashine isipokuwa na umeme. Ikiisha, kila kuranti inapokatika tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, na mwenye mashine hushangaa kwa nini kurasa za mtandao zinakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Kumbe cheti cha usalama cha ukurasa hulinganishwa na tarehe ya kompyuta, na kompyuta inadhani ni mwaka 2018. Watu wamefuta Windows nzima na kuipakia upya kwa tatizo ambalo betri ya muuza saa ingelimaliza.

RAM ya gigabaiti 4 inatosha kuiwasha Windows 11, haitoshi kuitumia. Nane ndiyo ya chini inayovumilika, na 16 humwacha mtu afanye kazi kwa amani. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata kwa nguvu, na kompyuta ndogo hutumia RAM fupi ya aina ya mapajani, kwa hiyo kipande cha zamani lazima kiende dukani pamoja na mnunuzi. Ikiwa prosesa inatumia sehemu yake ya ndani ya picha, vipande viwili vya gigabaiti 8 huipa kasi zaidi kuliko kimoja cha 16. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kasi duniani kote, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili bandia. Mashine iliyotumika yenye RAM 16 ndani yake imekuwa na thamani ambayo haikuwa nayo zamani.

Kuhusu diski, mjadala umekwisha. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA hufika 550, na ya NVMe ya kawaida 3,500. Lakini kasi si sababu pekee. Diski ya kuzunguka ina sahani zinazokimbia mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na kichwa kinachoelea juu yake bila kuzigusa. Kukatika kwa umeme na mtikisiko wa safari huichosha. SSD haina kinachotembea. SSD ya gigabaiti 256 inatosha Windows, programu na nyaraka za familia. Sinema na muziki vinaweza kukaa kwenye diski ya nje, ambako pia huwekwa nakala ya pili ya picha na vyeti. Tahadhari ni juu ya bidhaa bandia: hupatikana diski na flashi zilizoandikwa terabaiti 2 ambazo ndani zina gigabaiti chache, nazo hupokea mafaili mapya huku zikifuta ya zamani kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw hujaza nafasi yote na kuisoma tena, na udanganyifu hujulikana.

Vilivyobaki

Kadi ya picha ya kuongezwa ni ya wachezaji wa michezo mizito, wahariri wa video na wachoraji wa majengo. Kwa wengine wote huongeza joto na gharama ya umeme bure. Anayeihitaji ajue kuwa kadi za zamani hubadilishwa jina kwa programu ili zionekane mpya, na programu ya GPU-Z huzitambua nyingi kati yake.

Skrini ya LED ya inchi 22 hula wati 20 hivi. Ile ya kioo kinene ya zamani, hata ikitolewa bure, hula mara tatu au nne ya hizo. Mashine nyingi za mezani hazina Wi-Fi, na kwa kuwa intaneti ya nyumbani hapa mara nyingi hutoka kwenye simu ya Vodacom, Airtel au Orange, kadi ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB huhitajika, la sivyo simu iunganishwe kwa waya wake wa chaji. Windows huambiwa kwenye mipangilio kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Isipoambiwa, masasisho yake hula vifurushi vya wiki kwa usiku mmoja. Kiwix, programu ya bure, huweka Wikipedia nzima ya Kifaransa ndani ya diski ili isomwe bila mtandao, na kwa nyumba yenye wanafunzi hiyo peke yake ni sababu ya kuchukua SSD kubwa kidogo.

Kompyuta iliyopitia Tanzania huja na plagi ya pini tatu bapa na kibodi ya QWERTY. Shule na ofisi za Kongo hutumia AZERTY, na mtoto aliyejifunza moja nyumbani hupapasa anapokutana na nyingine darasani, kwa hiyo kibodi ya AZERTY huulizwa mapema. Kuhusu plagi, adapta za bei ndogo hukata waya wa ardhi, na ndipo kasha la chuma huanza kumtekenya mtu vidole. Waya wa kompyuta hutoka: ncha ya upande wa mashine ni ileile karibu dunia nzima, na waya wa pini mbili za mviringo wenye mguso wa ardhi hununuliwa kwa pesa kidogo. Kama soketi ya ukutani yenyewe haina ardhi, hilo ni la fundi umeme.

Kukagua kabla ya kulipa

Muuzaji wa Kalemie huishika noti ya dola juu ya mwanga, huigeuza pande zote mbili, na ikiwa na mchaniko mdogo huirudisha. Mnunuzi ana haki ileile juu ya mashine. Huwashwa mbele yake, hufunguliwa ukurasa wa maelezo ya mfumo ili jina la prosesa na kiasi cha RAM vilinganishwe na maneno ya muuzaji, na programu ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imefanya kazi na afya yake. Diski "mpya" yenye saa 20,000 imefanya kazi zaidi ya miaka miwili mchana na usiku. Kila tundu la USB hujaribiwa kwa flashi. Mashine huachwa ikicheza video kwa saa nzima, maana hitilafu za joto hazionekani dakika tano za kwanza. Kasha likifunguliwa, vumbi zito kwenye feni husamehewa, lakini kutu kwenye viungo, kondensa zilizovimba na mabaki ya mende hayasamehewi.

Fedha zikipungua, cha kupunguza ni prosesa, kisha ukubwa wa skrini. RAM huongezwa baadaye bila shida. Pawasaplai, UPS na SSD havipunguzwi. Risiti iandikwe jina la toleo, namba ya mashine na muda wa dhamana, na muuzaji awe mtu anayepatikana Kalemie, kwa sababu dhamana iliyotolewa Kariakoo, Dar es Salaam, humtaka mwenye mashine aivushe ziwa kwa nauli yake mwenyewe, kwenda na kurudi.